Bega la Verna Tollefsen

Bega la kulia la Verna Tollefsen lilianza kumuuma mwaka ule mumewe, Orrin, alipopatwa na kiharusi. Verna alikuwa mpishi wa shule huko Fresno. Akiachana na masufuria, alikwenda nyumbani kumwinua Orrin, kumwogesha, kumlisha. Madaktari walilipiga bega picha, wakasema halina kitu.

"Halina kitu, lakini haliniachi," aliwajibu, amechoka hata kukasirika.

Wakampeleka kwa Dokta Imhoff, mzee anayetibu watu kwa mazungumzo.

"Kwa hiyo nina wazimu?"

"La, Bi Verna. Maumivu ni ya kweli. Ila ubongo ukishazoea kulinda mahali, hupiga kelele hata pasipo na jeraha. Tuupe jambo jipya."

"Jipya? Hata kikombe kuosha sina nguvu."

Dokta akamwambia ainue mikono, viganja vitazamane, aiangalie tu. "Mmoja ubebe shida yako. Mwingine ubebe usichokijua bado."

"Huu mwingine umebeba harufu ya vitunguu."

Wakacheka. Mkono wa kulia ukaanza kushuka wenyewe, polepole, kama mtu anayesinzia. Machozi yakamtoka Verna, akajisikia akisema, "Nampenda, lakini simuwezi tena kila siku." Akaziba mdomo.

Dokta hakushtuka. "Na ule mwingine?"

"Vitambaa," Verna alisema. "Vya njano. Nilivinunua kabla hajaugua."

"Basi shona kidogo kila siku, hata kikitoka kibaya. Ubongo hujipanga upya ukikutana na kitu kigeni."

Akaanza kushona mfarishi, shuka nene la viraka, kando ya kitanda cha Orrin.

"Umepinda huo," Orrin alisema, ulimi mzito.

"Na wewe umepinda, mbona sijakutupa?"

Orrin akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Verna akachukua simu, akampigia Idella, dada yake Orrin.

"Wifi, Jumamosi uje umtazame kaka yako. Na Jumamosi zote. Nimechoka."

"Ungesema mapema, jamani!"

"Hata mimi sikujua."

Bega halikupona kabisa. Siku za masufuria mazito lilimkumbusha kuwa bado lipo. Lakini usiku liliacha kumwamsha. Jumamosi ya kwanza Idella alipokuja, Verna hakushona wala hakwenda popote. Alilala mpaka adhuhuri, akaamka akanywa maji, akalala tena.