Mwanzi Uliovaa Bangili ya Daktari

Bega la kulia la baba mdogo Kasimiri huruka lenyewe. Linapanda, shingo inalifuata, halafu anatulia kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Yuko hivyo tangu mtoto. Akipeleka ulanzi, pombe ya mianzi anayoigema, Makambako wanywaji humtania, "Mgema, unamkubalia nani?"

"Naukubalia ulevi wenu."

Masika haya bega liliruka akigema, kisu kikamchana kiganja. Mama mdogo Elina akakificha. "Hugemi tena mpaka daktari aseme."

"Mianzi itafunga, mama Noela," baba mdogo akamwambia mkewe. Kweli, chipukizi lisipochanwa kila siku hufunga, na msimu ndiyo basi.

Wakaenda Njombe. Daktari Eveline akamfunga bangili nyeusi mkononi, inayohisi kila mtikisiko na kuutunza. "Ivae hata ukigema, tuone mkono unarukaje ukiwa na kisu. Ila usiiloweshe." Basi mama mdogo akakitoa kisu, kwa wiki hiyo tu.

Alfajiri kijijini kwetu Kifanya ukungu hulala mianzini mpaka huoni mtu, unasikia tu matone ya ulanzi yakiangukia vikopo. Kila kitu kimelowa.

Waliporudi Njombe, daktari akafungua kompyuta. Mistari ilikuwa mikali kama meno ya msumeno. Kisha, kila alfajiri, ikalainika, ikapanda na kushuka polepole, kama mtoto anayebembelezwa.

"Hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Si alikuwa anagema!" mama mdogo akadakia kwa furaha. "Kisu nampa leo leo."

Baba mdogo akautazama ule mstari. Angenyamaza, kisu kingekuwa chake. Bega likaruka.

"Huo ni mwanzi, daktari. Ulisema nisiiloweshe, nikawa naitundika kwenye tawi."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe nimempima mgonjwa mwenye majani!" Akaifunga bangili kwenye nailoni, wakaanza upya.

Safari hii mstari ulikuwa wake. Haukulala kama wa mwanzi, lakini kisu kilipogusa chipukizi ulitulia. Alipomaliza tu, ukaruka mara tatu, nne.

"Bega linakusubiri umalize kazi," daktari akasema. "Ukishachana, weka kisu chini kwanza. Ndipo uliache liruke."

Jioni mama mdogo alikiweka kisu mezani, kimenolewa.

Siku hizi baba mdogo anachana, anakilaza kisu kwenye majani, anasimama. Bega linaruka, linaruka tena. Juu yake, ukunguni, mianzi inayumba taratibu, na yeye anaitazama mpaka mwili unyamaze.