Wiki Nzima ya Kukinga

Kama kuna kitu kilichomtia Ukuta kichaa, ni mtu kubonyeza batani zote za pedi ya gemu kwa mpigo kama anayekanda unga. Mchana alikuwa fundi saa, mtu wa koleo ndogo na vidude vidogo kuliko punje ya mchele. Ikifika saa kumi na moja jioni yuko kwenye ukumbi wa magemu mtaa wa nyuma, anawafundisha wageni mchezo wa ngumi kwenye runinga. Halipwi. Anaupenda tu, na jina la Ukuta alipewa humo humo, maana kumgusa ni kazi.

Sasa mchezo wenyewe ulikuwa unakufa. Wageni walikuja, wakachapwa, wakaenda zao moja kwa moja. Mwenye ukumbi, ambaye ni shemeji yake, alimwambia bila kumung'unya maneno: "Jumamosi nikikuta runinga ile haina watu, naweka gemu la mpira. Wewe ni shemeji yangu, lakini viti vitupu si ndugu zangu."

Alibaki mwanafunzi mmoja tu: msusi wa saluni ya jirani, mama mtu mzima, mikono myepesi ajabu. Ukuta alimfundisha kama alivyofundisha wote. Wiki nzima kukinga, hakuna kupiga. Ngumi ikija juu, kinga juu. Teke likija chini, kinga chini. Na msusi, akijisahau kidogo tu, vidole vinamwasha, anabonyeza zote.

"Dada, acha hiyo. Subiri."

"Nasubiri nini, mwalimu?"

"Subiri nipige."

"Umepiga tangu Jumatatu."

Huku ni kumpigia mbuzi gitaa, aliwaza Ukuta, na afadhali mbuzi, hutikisa masikio. Kila raundi alimwangusha kwa pigo lile lile ili ajifunze, na kila raundi hakujifunza. Ijumaa hasira zikamfika kooni, akamtolea methali aliyowatolea wote walioondoka: "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Msusi akaiweka pedi magotini. "Sawa. Na wewe umeshindwa lini mara ya mwisho humu ndani?"

Ukuta hakukumbuka.

"Mimi mtu akija kujifunza kusuka, siku ya kwanza nampa kichwa changu. Anasuka msuko mmoja, umepinda kama nini, na unauma. Nakaa nao mpaka jioni. Akishaondoka ndio naufumua. Kesho yake anarudi." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Jumamosi shemeji alifika na begi begani na diski ya mpira kwapani. Msusi naye alikuja, kusema kweli kuaga. Ukuta akamwambia, "Leo piga wewe. Mimi sikingi."

Ngumi ya kwanza ilipokuja, vidole vyake vikakinga vyenyewe. Ya pili vilevile. Msusi akamtazama, akaanza kuinuka. Ukuta alijichukia siku hiyo. Akaiweka pedi sakafuni, akaikalia mikono yake.

Alipigwa, jamani. Alipigwa kwa batani zote, ovyo, bila mpango wowote, na kila pigo lilimuuma yeye kuliko yule mtu wa kwenye runinga. Vidole gumba vilikuwa vinatapatapa chini ya mapaja. Wazoefu wawili wa ukumbi, kwenye kiti cha nyuma, walicheka mpaka wakashikana. Mwisho mtu wake akaanguka chali.

Msusi aliitazama runinga. "Nimekupiga," akasema taratibu. Kisha akakivuta kiti mbele. "Tena."

Shemeji akairudisha diski kwenye begi.

Jumatatu msusi akaja na wateja wake watatu, mmoja kichwa nusu hakijasukwa, na wote wanne wakagombania nani aanze. Hakuna hata mmoja aliyejua kukinga. Ukuta akavuta pumzi, akakaa, akaikalia mikono.