Nyumba ya Bibi na Banda Lake la Mbuzi

Saa kumi na robo alasiri, Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno ya tende, ndipo kazi ilipoanza kila mwaka. Enzi zetu nyumba ya Bibi kule Al Khoudh, Oman, ilipakwa udongo upya baada ya mavuno hayo, na wapakaji tulikuwa sisi wajukuu.

Kuta zilikuwa za tofali za udongo, unene dhiraa moja na nusu. Dari ya magogo ya mtende. Nyuma palikuwa na jiko, banda la mbuzi na ghala ya tende, ambayo sakafu yake ilichongwa mifereji ya kupitisha asali ya tende mpaka mtungini. Tulichovya vidole humo, tukaacha alama mlangoni, na Bibi akatujua kwa alama hizo.

Udongo tuliukanyaga pamoja na makapi ya ngano mpaka miguu ikauma. Bibi, mzaliwa wa Unguja, alisimama na bakora yake.

"Nyie, msipake kama mnapaka siagi mkate! Bonyezeni! Ukuta unataka kupumua, miye nnaujua."

Nilipotimiza miaka kumi na miwili, Baba alileta saruji.

"Mama, hii ukishaipaka ndio basi."

"Saidi, unaivisha nyumba koti la mvua. Jasho litatokea wapi?"

Baba alicheka. Sisi tulishangilia, maana miguu ilipumzika. Nyumba na ghala vikawa vyeupe, majirani wakaja kusifu. Banda na jiko Baba hakuona kama vinastahili saruji, kwa hiyo Bibi aliendelea kuvipaka udongo mwenyewe. Alipofariki, nilimrithi kazi hiyo.

Ukubwani nilijisomea habari za majengo, nikaelewa: saruji hufungia unyevu ndani ya udongo, na ukuta huoza bila kuonesha. Niliwaambia ndugu zangu tuibandue.

"Wewe na vitabu vyako," walinijibu. "Mbona imesimama?"

Mvua za mwaka jana ukuta wa kaskazini ulianguka, dari ikafuata, kisha ghala. Banda na jiko vipo.

Wanangu, ambao kiyoyozi kikizimika dakika kumi wanahisi roho inatoka, niliwaingiza bandani adhuhuri ya Julai. Mdogo alihisi ubaridi, akaangaza macho kila pembe. "Baba, kiyoyozi kiko wapi?"

Nilimwekea kiganja chake ukutani, akakiacha hapo muda mrefu.

Udongo wa Bibi tuliuchota bure kando ya bonde. Kuzoa kifusi cha nyumba yake kumenigharimu riali mia nne na ishirini.