Kapita wa Filimbi

Sisi wapiga makafi wa kivuko cha Lualaba, karibu ya Kasongo, hatukuwa watu wa kusukumwa. Kivuko chenyewe kilikuwa mitumbwi mikubwa iliyofungwa pamoja kwa kamba, mbao juu yake, na juu ya mbao kamio, gari la mizigo. Mukubwa wetu alianzisha wimbo, sisi tukaitikia, na makafi yakaingia majini pamoja. Kazi ilikuwa hiyo.

Halafu wenye kivuko wakatuletea kapita mupya wa kutusimamia. Kijana wa watu, hakuwa mubaya. Lakini yule aliyemutangulia alifukuzwa kwa sababu kamio ilizama, na huyu akaogopa mpaka akatuchosha. Alikuja na filimbi. Ikilia, piga. Isipolia, acha. Wimbo, marufuku. Hata kunywa maji tuombe ruhusa, jamani! Mutu wa mukono wa kushoto akamuweka upande wa kulia. Nilikasirika sana.

Tukaamua kumutii. Ndiyo, kumutii tu, neno kwa neno. Filimbi moja, kafi moja. Kivuko kikawa kinapelekwa na maji, kinafikia mbali kupita gati, na sisi tunamutazama kapita kwa adabu, kama watoto wa katekisimu.

Siku moja akamuleta bibi yake. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umemushika tangu alfajiri, na materinite, hospitali ya kuzalia, iko ng'ambo, Kasongo. Tukamulaza kwenye mukeka kando ya kamio. Kapita akapuliza, tukaondoka. Katikati ya mto mama yule akapiga kelele, akamushika bwana wake kwa mikono miwili. Filimbi ikanyamaza. Sisi tukainua makafi, yakabaki juu yanadondosha maji. Mto ukaanza kutupeleka upande wa mawe.

"Munangoja nini?" kapita akapiga ukelele.

Ni mimi niliyejibu. "Filimbi haiyalia, kapita."

Hakuna aliyecheka.

Akaitema ile filimbi, ikaanguka majini. "Baba zangu," akasema, "mimi najua tu pahali tunakwenda. Njia munaijua ninyi. Munifikishie bibi yangu."

Mukubwa wetu akaanza kuimba hata kabla hajamaliza. Kila mutu akarudi upande wake, tukavuta, weee, mpaka mbao zikalia. Tulipogusa gati dereva wa kamio alikuwa amekwisha kuiwasha, akaondoka na kapita na bibi yake.

Kesho yake tulimungoja kapita mtoni, kila mutu na kafi yake. Tulijua atatufukuza, mimi wa kwanza. Nyumbani watoto wangu wangekula nini? Akashuka polepole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akatusalimia, wakubwa kwanza. Akasema mutoto ni musichana, na mama yake iko muzima. Tukapiga makofi, loo, tukapiga kweli! Tulipotulia akauliza:

"Leo munahitaji nini?"

Tangu tuanze kazi ile hakuna mutu aliyetuuliza hivyo.

"Kamba," mukubwa wetu akasema. "Hizi zimeoza."

Kapita akaenda kuzitafuta mwenyewe.