Siku Tuliyozima Kiyoyozi cha Maabara

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijatulia kwenye kazi moja. Nimebeba mizigo Kariakoo, nimezungusha makaratasi ya mawakala bandarini, nimeuza vifuniko vya simu barabarani. Wakati huo nilikuwa fundi wa friji na viyoyozi kwenye banda moja la Ilala, nikaitwa maabara moja karibu na Posta. Maagizo yalikuwa mafupi: chumba hakipoi, njoo uongeze baridi.

Nilikuta watu wawili. Mmoja alikuwa mtafiti, mama wa makamo mwenye lafudhi ya Kilimanjaro, ambaye wote walimwita dokta. Mwingine alikuwa msaidizi wake, mzee wa Kusini. Mbele yao palikuwa na mashine nyeupe na kompyuta yenye mstari mwekundu uliokuwa ukipanda na kushuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiyoyozi kiko ukutani, fundi. Hicho unachokitazama ni kompyuta."

Sikuweza kujizuia. Niliuliza mstari ule unasema nini, na dokta, nadhani kwa uchovu tu, akanieleza. Mashine inapiga mwanga chini ya kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba. Juu ya dhahabu amebandika protini ya kimelea cha malaria. Anataka kupitisha juu yake protini ya kwenye utando wa seli nyekundu ya damu, aone kama hizo mbili zinashikana. Zikishikana, mwanga unarudi kwa pembe tofauti na mstari unapanda pale pale. Zikiachana, unashuka.

"Sasa mbona unapanda na hujapitisha kitu?"

"Ndiyo maana tumekuita," alisema. Akanionyesha kichupa kidogo kwenye barafu. Protini ya utando ukiitoa mahali pake inaharibika upesi. Yeye aliituliza kwa sabuni laini, lakini haingefika kesho. Miezi ya kazi ilikuwa imebaki kwenye matone yale. Mengine yote yalikwenda bure asubuhi, mstari ukiyumba. Na kila ulipoyumba, waliongeza baridi.

Nikapanda ngazi. Nje ya dirisha kompresa ya kiyoyozi iliunguruma, kisha ikanyamaza. Ikaunguruma tena. Niligeuka kuitazama kompyuta, nikaganda hapo juu na bisibisi mkononi.

"Fundi, umekuja kujaza gesi au kuangalia sinema?"

"Mzee, hiyo sinema inaendeshwa na huyu wa ukutani."

Alicheka. "Haya, profesa wa Ilala."

Nilishuka, nikaipa kompyuta mgongo, uso nikauelekeza dirishani. Nikamwomba mzee aangalie mstari, mimi nitamwambia lini unageuka. Kompresa ikawaka. "Sasa unaanza kupanda," nikasema. Ikazima. "Sasa unashuka." Mara ya tatu mzee hakucheka tena. Nilimsikia akisema taratibu, "Dokta, njoo uone."

Dokta alikuja, akainua mkono hadi kwenye upepo uliokuwa ukiipiga mashine moja kwa moja. "Maji yanayopita juu ya kioo yanapoa, yanapata joto, mwanga unafuata," alisema. "Tumejitesa wenyewe tangu asubuhi."

"Zima," nikamwambia.

"Na joto hili? Mashine ya watu ikifa?"

Mzee ndiye aliyejibu. "Kitabu chake nimekisoma. Joto la chumba inalivumilia. Sisi tuligandisha kwa mazoea tu."

Tulizima. Nikachukua boksi kubwa la katoni lililokuwa koridoni, nikaifunika mashine pande tatu. Chumba kikawa jiko. Dokta alivua koti jeupe, mzee akafungua vifungo viwili vya shati. Mstari ukayumba kidogo, ukatulia, ukalala kama mkeka.

Dokta alivuta matone yote kutoka kwenye kichupa. Hakubakiza. Akayapitisha.

Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu. Kisha mstari ukainuka, si kwa kuruka, bali kwa kupinda vizuri, kwa haraka mwanzoni na polepole juu. Sijawahi kuona kitu kidogo namna ile kikifanya kazi mbele ya macho yangu, wakati uleule kinapofanya. Dokta akapiga kigelegele. Kigelegele kabisa, cha harusini, hadi watu wa chumba cha pili wakachungulia.

"Bado," akajikatiza. "Sasa tunasuuza. Tuone kama zinaachiana."

Maji yenye chumvi yakapita. Mstari ulianza kushuka, lakini kwa uvivu mkubwa.

"Zimeng'ang'aniana," mzee akasema, akaenda kufungua dirisha.

"Usithubutu!" tulimpigia kelele wawili kwa pamoja, mimi na dokta.

Akarudi akakaa. Tulibaki hapo watatu, mashati yamenata mgongoni, tukitazama vitu viwili visivyoonekana vikikataa kuachana.