Siku ya Kura Kanisani Mweiga

Kanisa letu la Mweiga lilinuka maziwa na sweta zilizoloa. Waumini walitoka kukamua wakaja moja kwa moja, ukungu wa milima ya Nyandarua ukiwa bado mabegani, na kwa jinsi tulivyobanana, kufikia wimbo wa pili mvuke ulikuwa umepanda hadi darini. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mmishonari. Si mzungu, bali Mluhya wa Vihiga aliyetumwa na kanisa lake kuwahubiria wakulima wa viazi ambao tayari waliijua Biblia kumshinda. Mama hakuchoka kumkumbusha hilo.

Watu walizidi nafasi, ikabidi tupange jengo jipya. Baba alichora ramani mezani petu msimu mzima wa mvua, nami nikimshikia rula. Shida ilikuwa mahali. Vijana walitaka jengo la zamani la mbao libomolewe, la mawe lisimame papo hapo. Mzee Gichuki, aliyezipasua mbao zile kwa msumeno wa mkono, alisema anayetaka kuzigusa amzike yeye kwanza. Fahari wawili hawakai zizi moja: vikao vitatu viliisha watu wakiondoka bila kuagana, na baba akaogopa kwamba kanisa litapasuka mikononi mwake. Chakula kilimshinda, nami nikaogopa pia. Mwishowe akatangaza kwamba Jumapili inayofuata ni siku ya kura, kila mtu aje tayari.

Sasa, kule wengi hutamka L kama R, hata kura na kula huwa neno moja mdomoni. Jumapili ile baba alikuja na sanduku la karatasi za kura. Akina mama walikuja na sufuria za mukimo wa viazi vya kuponda na githeri ya mahindi na maharagwe, wamezifunga kwa leso. Baba alisimama mlangoni na sanduku lake kwapani. Mama Njeri, kiongozi wa akina mama, akamtazama kwa huruma.

"Pasta, si ni wewe ulisema reo ni kura? Sasa tumepika. Tutakura kwanza, hiyo ingine ingoje."

Mama yangu alicheka hadi akaketi. Mvua ikaanza, tukasukuma mabenchi ukutani tukala humo humo, vijana wakiwapakulia wazee, na wazee wakidai kuongezwa. Nilikula mukimo mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Ndipo Mzee Gichuki akaitazama dari yake, akafuta mdomo.

"Hii nyumba inafaa kukura," akasema polepole. "Ya kuomba mjenge pare kwa viazi."

Viazi hivyo vilikuwa vya mama, amevipanda kwenye uwanja wa kanisa, na ndivyo vilivyotulisha. Watu wote wakamgeukia. Mama akasema, "Sawa. Lakini mniache nivune kwanza." Hakuna aliyepiga kura siku hiyo, na baba alikula sahani mbili.

Kanisa la mawe limesimama hadi leo, na lile la mbao linapikiwa harusi. Mimi sasa naishi Nairobi, na kanisa letu huku huamua mambo kwa kura ya simu, kila mtu akiwa kwake, matokeo yakatoka kabla ugali haujaiva. Ni haraka, wala silalamiki. Ila mwezi jana familia moja ilishindwa kwenye kura ikahama kanisa, na nilipotajiwa jina lao sikuweza kukumbuka hata sura ya mmoja wao.