Firigisi ya Baba

Kabla ya kupunguzwa kazi nilikuwa karani kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na nilijiona mtu. Nilikuwa na meza, nilikuwa na muhuri, na wazee wenye umri wa baba yangu walivua kofia wakifika mbele yangu. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia Bariadi na malori yao na mizani yao, chama cha ushirika kikadhoofu, na asubuhi moja tukaitwa uani tukasomewa orodha. Jina langu lilikuwemo. Nilimkabidhi funguo kijana ambaye hata ndevu hazijaota, mbele ya watu wote, nikarudi kwa wazazi wangu njia ya Dutwa nikiwa na godoro, jiko la mafuta ya taa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda.

Baba hakuniuliza kitu. Alinipokea godoro, akalibeba mwenyewe hadi nyumba ya pembeni walimokuwa wakilala kaka zangu, akasema, "Mayu, umefika." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na baba aliniita hivyo tangu sijajua kutembea. Kwa siku kadhaa hilo ndilo neno pekee lililonituliza.

Mgeni wa kwanza hatukumtafuta. Alikuwa mnunuzi wa pamba aliyevunjikiwa springi ya gari karibu na kwetu, akalala siku mbili kwenye nyumba ile ya pembeni, akanywa maziwa mgando, akala ugali wa mtama, akaondoka akisema hajalala usingizi wa namna ile tangu aanze biashara. Mwezi uliofuata akatuelekezea wenzake wawili. Nikafungua macho. Gesti za mjini zilikuwa na baa chini ya madirisha, na watu waliopita huku walikuwa wanaongezeka: wanunuzi, watu wa miradi, mabwana shamba, wengine wakielekea mbugani. Sisi tulikuwa na ng'ombe, upepo na utulivu. Nikaenda Somanda kwa mwenye duka ambaye miaka ya nyuma alikuwa na chumvi na viberiti tu, tena kwa foleni. Sasa mashuka yenye maua yalifika darini. Nikanunua manne.

Baba alikubali kwa sharti moja. "Kitanda toza. Chakula cha kaya yangu hakiuzwi."

Nikabishana naye. Mimi nina ulimi mwepesi, hilo nalijua. Nikamwambia dunia imebadilika, kila kitu sasa kinauzwa. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akarudia maneno yaleyale. Kwake, anayekula nyumbani kwake anakula pamoja naye, barazani, yeye akiwa kwenye nafasi yake. Basi ikawa hivyo. Nilitoza kitanda, chakula kikabaki cha baba, na kusema kweli nadhani wageni walirudi kwa sababu ya kile chakula.

Na kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya baba. Hilo halikuhitaji kusemwa. Mapaja yalienda huku, kidari kule, shingo na mabawa tulibaki nayo sisi wa jikoni, lakini firigisi ilikwenda kwa mwenye nyumba. Mwanamke haili. Nilianza kuzisafisha nikiwa na miaka kumi, nikibandua ile ngozi ya njano ya ndani, na sikuwahi hata kulamba kidole. Babu alipofariki, siku ya kuku wa kwanza baada ya matanga, mama aliweka firigisi mbele ya baba bila kusema neno, na sisi watoto tukajua sasa kaya ni ya nani.

Wageni walipozidi, nyumba ya pembeni haikutosha. Nilitaka vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, na palipofaa palikuwa mahali pamoja tu: kona ya ngitili yetu, iliyogusa barabara. Ngitili ni eneo la nyasi ambalo wakati wa mvua mifugo haikanyagi, ili kiangazi pawe na malisho. Ile yetu ilitengwa na babu. Kaka yangu mkubwa, aliyekaa na mkewe upande wa pili wa kaya, alikuwa anaitaka kona hiyohiyo ailime pamba, maana wanunuzi msimu ule walikuwa wanalipa taslimu. Tena mimi ni mtoto wa kike. Kumpa mtoto wa kike ardhi ya babu ni jambo ambalo baba alilifikiria tangu kupanda hadi kupalilia. Asubuhi moja nikamkuta kule ngitili na vigingi vinane vya mgunga na kamba ya mkonge, anapima kwa hatua. Akapigilia cha mwisho, akasema, "Mvua zikikatika, fyatua matofali yako." Kaka alikuwa amesimama kando na mswaki mdomoni.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja wa Kizungu na dereva wake wa kutoka Mwanza. Alikuwa akipeleka watu mbugani kuangalia ndege na wanyama, na alitafuta familia ya kuwalaza watu wake njiani. Alipenda kila kitu. Alipenda ua wa minyaa, alipenda ndama, alipenda hata michembe ya viazi iliyoanikwa juu ya jiwe. Nikawa tayari naviona vyumba vyangu vimejaa.

Siku ile mama yangu alikuwa amekwenda msibani Sola, na jikoni nilikuwa peke yangu. Nikapakua. Nilipofika kwenye firigisi, mkono ulisita. Nikajiambia baba amekula firigisi nyingi, ataelewa, hii ni kwa faida ya kaya. Nikaiweka kwenye sahani ya mgeni, juu kabisa, nikaimwagia mchuzi.

Dereva aliiona, akaniangalia usoni, akatazama pembeni. Kaka akaacha kutafuna. Mgeni aliigeuza kwa vidole, akaing'ata ukingoni, akatabasamu kwa adabu, kisha akaishusha taratibu chini ya kiti kwa mbwa wetu. Mbwa aliimeza bila kutafuna.

Baba alinawa mikono. "Nimeshiba," akasema. Hakuwa amekula hata matonge matano. Akainuka akaenda zizini.

Asubuhi nilikwenda ngitili. Vigingi havikuwepo, kamba haikuwepo, yamebaki mashimo manane.

Tangu siku hiyo baba hakuniita mayu. Aliniita karani. "Karani, maji ya ndama yako wapi?" Alisema kwa upole kabisa, na ndio maana iliuma. Wageni wakija aliwasalimia langoni, akasema ana kazi zizini, na chakula chake akala hukohuko, amekaa juu ya gogo, mgongo umeelekea nyumbani.

Mwanzoni nilikasirika. Mama aliporudi kutoka msibani nilimwendea nikiwa nimewaka. "Kipande cha nyama hata kidole gumba hakifiki!"

Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho. "Mwanangu, ungempa mgeni kuku mzima, baba yako angefurahi. Wewe ulimpa nafasi ya baba yako, naye akampa mbwa."

"Mgeni hakujua."

"Mgeni hana kosa. Wewe ulijua." Akatupa ganda. "Siku wanakunyang'anya funguo mbele ya watu, ulirudi hapa ukalia siku ngapi?"

Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba ya pembeni, na aibu iliyonishika pale siwezi kuieleza vizuri hata leo. Mimi niliyejua uchungu wa kuvuliwa mbele ya watu, nilimfanyia baba yangu vilevile kwa sababu ya vyumba vitatu.

Nikachukua jogoo wangu mkubwa, nikamfunga miguu, nikampelekea baba zizini, nikapiga magoti. Nikamwambia nimekosa. Alimpima jogoo kwa mikono miwili. "Jogoo mzuri," akasema. "Mfungue akatafute wenzake." Akaendelea kukamua.

Mvua zikakatika. Sikufyatua tofali hata moja. Kaka alinunua jembe jipya la plau, akaliweka barazani kwake mahali ambapo kila mpita njia angeliona, na alisema mbele yangu kwamba mvua zikirudi tu, kona ile anaigeuza. Baba alimsikia. Hakumkubalia, hakumkataza.

Kisha dereva wa Mwanza akaleta ujumbe: yule mama anarudi, ana watu wanane, usiku mmoja. Nilitaka kukataa. Nilishachoka na wageni, nilishachoka na mashuka yenye maua. Nilikuwa namwambia mama hivyo pale uani, na sikujua kwamba sauti yangu inafika zizini.

"Waje," baba akasema kutoka ndani ya zizi. "Nitawapokea."

Walifika alasiri. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amesimama langoni kwenye minyaa. "Mwadila," akawaamkia. Yule mama alikuwa amejifunza. "Mwadila, baba," akajibu, na nikamwona baba anaficha tabasamu. Watu wanane hawaachwi barazani peke yao, kwa hiyo alikaa kwenye nafasi yake, mara ya kwanza tangu siku ile. Kaka naye akaja.

Nilikuwa nimechinja kuku wanne. Mama alisema kichwa kinamgonga, akatoka jikoni akaniachia kila kitu, na mama yangu sijawahi kumsikia akiumwa kichwa. Nikachukua sahani moja nyeupe, nikaweka firigisi zote nne na chumvi pembeni. Sikupakua kingine chochote. Nikaibeba hadi barazani, nikapita mbele ya wageni wote wenye njaa, nikapiga magoti, nikaiweka mbele ya baba.

Baba akaitazama ile sahani.

"Nne?" akasema. "Meno yangu yaliyobaki unayajua idadi?"

Dereva ndiye aliyecheka kwanza. Baba akachukua moja, akachovya chumvi, akaanza kuitafuna, polepole, kwa muda mrefu sana, na wageni wakasubiri kwa heshima zote wakidhani ndio utaratibu wa kila siku. Akameza. Akachukua ya pili, akamrushia mbwa.

"Huyu mlishamtawaza," akasema. "Siwezi kumvua cheo."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikainamisha uso nisionekane. Ya tatu akampa kaka. "Kula. Na plau lako jipya likalime kule bondeni." Kaka aliipokea kwa mikono miwili. Akaitia mdomoni.

Ikabaki moja. Nilinyoosha mkono niondoe sahani, nikapakue chakula cha watu.

"Mayu," baba akasema.

Alikuwa ameishika firigisi ile, ameinyoosha kwangu. Sikuelewa. "Baba, mimi ni mwanamke."

"Nimeona. Kula."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mzima kabisa, mkono mdomoni. Dereva alianza kumtafsiria yule mama wa Kizungu, akaacha katikati. Nikaipokea. Miaka yote ile nimezisafisha, nimezikaanga, nimezichemsha, na sikujua ladha yake. Ilikuwa ngumu, ina utamu wa mbali, na niliitafuna muda mrefu kuliko baba.

"Vigingi vyako viko ghalani, juu," akasema, akivuta bakuli la ugali. "Haya, walishe watu, wamekaa na njaa."

Asubuhi, kabla wageni hawajaamka, niliegemeza ngazi ghalani nikapanda. Vilikuwa vyote vinane, vimepanguswa udongo, vimefungwa pamoja kwa ileile kamba ya mkonge.